Adriano Atiman

Adriano Atiman (Tindirma, leo nchini Mali, mnamo 1866 – Karema, leo nchini Tanzania, 1956) alikuwa daktari na katekista wa Kanisa Katoliki aliyehudumia wagonjwa kwa takriban miaka 67 huko Karema, kwenye mwambao wa mashariki wa ziwa Tanganyika.

Alipokuwa mtoto alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara na kukombolewa na wamisionari nchini Algeria. Baada ya kusomea tiba kisiwani Malta alitumwa Afrika Mashariki, ambako aliishi kama mlei, akaoa na kupata mtoto aliyekuja kuwa padri.

Anakumbukwa hasa na Wakatoliki wa mikoa ya Rukwa na Katavi kama mfano wa mtu aliyeutumia uhuru wake kwa ajili ya wengine. Jina lake huandikwa pia Adrian, Adrien au Atman.

Utoto na utekaji

Tindirma ni mji mdogo katika nchi ya Wasonghai, karibu na mto Niger, upande wa kusini-magharibi wa Timbuktu. Katika karne ya 19 eneo hilo lilivamiwa mara kwa mara na watu waliotafuta watumwa wa kuuza kaskazini. Atiman alitekwa akiwa bado mdogo, akatenganishwa na wazazi wake na kuuzwa kwa wasafiri wa jangwani.

Safari ya kuvuka Sahara kwa miguu ilikuwa ya miezi mingi. Wengi walikufa njiani kwa kiu, kwa uchovu na kwa kupigwa. Watoto walitafutwa zaidi kwa sababu ilikuwa rahisi kuwazoesha lugha na desturi mpya, na vigumu kwao kutoroka.

Ufaransa ilikuwa imepiga marufuku utumwa katika makoloni yake yote mwaka 1848, ikiwemo Algeria. Hata hivyo, katika miji ya chemchemi za jangwani, mbali na pwani, biashara iliendelea kwa siri. Ndiyo sababu mtoto wa Tindirma aliweza kuuzwa karibu miaka 30 baada ya sheria hiyo.

Ukombozi

Mwaka 1868 askofu mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao waliitwa Mapadri Weupe kutokana na kanzu zao. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kulea watoto walioachwa yatima na njaa kali iliyoipata Algeria miaka 1867-1868. Baadaye walianza pia kukomboa watoto waliouzwa kutoka kusini ya jangwa. Atiman alikuwa mmojawapo: alikombolewa kwa fedha mnamo 1876, akiwa na umri wa miaka 10 hivi.

Tendo hilo lilizua maswali tangu wakati huo. Kumlipa muuzaji kulimwokoa mtoto mmoja, lakini kuliweza kumpa muuzaji faida na sababu ya kurudi kuteka wengine. Tena, mtoto aliyekombolewa hakuulizwa anataka kwenda wapi. Alitoka mikononi mwa aliyemnunua ili amtumikishe, akaingia mikononi mwa aliyemnunua ili amlee. Tofauti ni kubwa, lakini katika hatua zote mbili uamuzi ulikuwa wa watu wengine.

Katika Kiswahili, kukomboa ni kulipa ili kitu kilichowekwa rehani au mtu aliyeshikwa mateka arudishwe. Wakristo wanatumia neno hilohilo kwa kazi ya Yesu Kristo, wanayemwita Mkombozi. Kwa Atiman neno hilo halikuwa mfano tu: kuna siku alilipiwa bei.

Baada ya kukombolewa alipelekwa shule. Hakubatizwa mara moja, bali alipata mafundisho kwa miaka kadhaa. Lavigerie alisisitiza muda mrefu wa ukatekumeni, kwa hoja kwamba imani isiyopokewa kwa hiari haidumu.

Masomo ya Malta

Mwaka 1881 Lavigerie alifungua kisiwani Malta chuo kwa ajili ya vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, ili wasomee tiba katika Chuo Kikuu cha kisiwa hicho. Atiman alikuwa kati ya wanafunzi hao, akasoma hadi mwaka 1888. Chuo kilidumu hadi mwaka 1896.

Lavigerie alikuwa na hoja tatu. Kwanza, Afrika itainjilishwa na Waafrika wenyewe. Wageni ni wa kuanzisha tu. Pili, mganga hupokewa kila mahali, hata pale ambapo mhubiri hafunguliwi mlango. Tatu, kijana mwenye ujuzi wa tiba ataweza kuoa, kulea familia na kuheshimiwa kama mlei, asiwe tegemezi wa misheni maisha yake yote. Kwa sababu hiyo hakutaka vijana hao wazoeshwe maisha ya Kizungu wasije wakashindwa kuishi vijijini.

Mwaka 1888 ulikuwa muhimu katika vita dhidi ya utumwa. Brazil iliufuta mwezi Mei, na Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa nchi hiyo barua ya kuulaani. Lavigerie, ambaye alikuwa kardinali tangu mwaka 1882, alizunguka Paris, London na miji mingine akieleza mateso ya watumwa wa Afrika. Mwaka huohuo Atiman alianza safari ya kwenda ziwa Tanganyika.

Safari ya kwenda Karema

Msafara ulipitia Zanzibar na kuingia bara kwa njia ileile ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, kuelekea Tabora na ziwa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilikuwa imepigwa marufuku na Sultani Barghash mwaka 1873 chini ya shinikizo la Waingereza, na soko la Zanzibar likafungwa. Lakini bara watu waliendelea kutekwa, na Ujiji ilikuwa bado kituo kikubwa. Mnamo Agosti 1888 pwani iliwaka vita vilivyoongozwa na Abushiri dhidi ya Wajerumani.

Atiman alifika Karema mwanzoni mwa mwaka 1889. Kwa mara ya pili maishani mwake alikuwa amevuka sehemu kubwa ya bara kwa miguu. Mara ya kwanza aliswagwa kama mali. Mara ya pili alikwenda akiwa na dawa na vifaa vya kutibia.

Karema ilikuwa ngome iliyoanzishwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika, lililoundwa na mfalme Leopold II. Mwaka 1885 ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Ndani na kando ya kuta zake waliishi watu waliokombolewa, yatima, na familia zilizokimbia vita. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, vijiji vya namna hiyo vililindwa na kapteni Mfaransa Léopold Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa.

Kazi ya tiba

Wakati Atiman anafika hapakuwa na hospitali wala daktari wa serikali katika eneo lote la Ufipa na mwambao wa ziwa. Alitibu homa, kuhara, vidonda, mifupa iliyovunjika na majeraha ya vita, pamoja na kuhudumia wamisionari wenyewe, ambao wengi walikufa wakiwa vijana.

Miaka ya 1890 ilikuwa migumu sana. Sotoka iliua ng'ombe, ndui iliua watu, na funza, ambao hawakujulikana hapo awali, waliwafanya wengi washindwe kutembea. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalienea kandokando ya ziwa. Dawa kutoka Ulaya zilichukua miezi kufika, hivyo mganga alilazimika kujua pia kilichokuwepo mahali pale. Atiman alijifunza miti na mizizi iliyotumiwa na wenyeji, akaitumia pamoja na elimu ya Malta.

Wagonjwa walitoka mbali, wakiwemo wasio Wakristo. Kama katekista, alifundisha dini na kuwaandaa watu kwa ubatizo, lakini tiba haikuwa malipo ya kukubali mafundisho.

Kutoka Karema na vituo vingine vya mwambao, kama Kirando na Kala, Kanisa lilipanda hadi uwanda wa juu wa Ufipa, likaanzisha parokia kama Kate, Zimba na Chala. Mapadri walikuwa wachache na vijiji vilikuwa vingi. Mzigo wa kila siku wa kufundisha, kuongoza sala na kutembelea wagonjwa uliwaangukia makatekista. Atiman ni kati ya wa kwanza katika safu ndefu ya walei hao, ambao wengi majina yao hayakuandikwa.

Ndoa na familia

Huko Karema Atiman alimuoa Agnes Wansahira, mwanamke wa Kibende. Kwa ndoa hiyo mgeni kutoka mto Niger alipata ukoo. Jambo hilo lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana leo. Katika jamii nyingi za Afrika mtumwa alitambulikana kwa kukosa ndugu: hakuwa na wajomba wa kumtetea, wala baba wa kumtolea mahari, wala kaburi la babu la kulionyesha. Kuwa huru kulikuwa na maana ya kuwa na watu wako. Mtu aliyefunguliwa minyororo bila kupata jamaa alibaki katika hatari ya kutekwa tena.

Mtoto wao Joseph aliingia seminari na kupewa upadrisho mwaka 1923. Hivyo, katika kizazi kimoja tu, familia ilitoka utumwani hadi altareni. Joseph alikuwa kati ya mapadri wa kwanza Waafrika wa eneo la Tanganyika magharibi.

Sheria na utumwa nchini Tanganyika

Uhuru wa Atiman ulitangulia sana ule wa majirani zake. Utawala wa Kijerumani ulipigana na wafanyabiashara wa watumwa, lakini haukufuta utumwa wenyewe. Uliruhusu watumwa wajikomboe kwa malipo, na uliamua kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Waliozaliwa kabla waliendelea kuhesabiwa mali ya mtu.

Utumwa ulifutwa kabisa kisheria na utawala wa Waingereza mwaka 1922. Wakati huo Atiman alikuwa ameshafanya kazi Karema kwa zaidi ya miaka 30. Ina maana kwamba kati ya wagonjwa aliowafunga vidonda, kwa miaka mingi walikuwemo watu ambao sheria haikuwatambua kuwa huru, huku anayewatibu akiwa mtu aliyewahi kuwa kama wao.

Maana ya uhuru katika maisha yake

Maisha ya Atiman yametumika katika mafundisho ya dini kueleza uhuru wa Kikristo. Jambo hilo linahitaji kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu linaweza kueleweka vibaya kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni kudhani kwamba uhuru wa roho unatosha, hata minyororo ya mwili ikibaki. Kwa karne nyingi watumwa walihubiriwa uvumilivu na watu waliofaidika na jasho lao. Maisha ya Atiman hayaungi mkono mafundisho hayo. Kama asingetolewa kwanza mikononi mwa waliomteka, asingepata nafasi ya kuchagua lolote. Mtume Paulo mwenyewe, alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, alimtaka bwana huyo ampokee kama ndugu, si kama mtumwa tena. Undugu wa kweli na umilikaji wa mtu haviwezi kukaa nyumba moja.

Namna ya pili ni kudhani kwamba aliyefunguliwa amekwisha kuwa huru kabisa, na kwamba uhuru ni kufanya lolote mtu apendalo bila kudaiwa na yeyote. Katika waraka kwa Wagalatia, Paulo anawaeleza Wakristo kwamba wameitwa wawe huru, lakini wasiufanye uhuru huo nafasi ya kufuata tamaa, bali watumikiane kwa upendo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha vivyo hivyo: uhuru ni uwezo wa kutenda kwa akili na utashi, na kadiri mtu anavyozidi kutenda mema ndivyo anavyozidi kuwa huru.

Lugha ya Kiswahili inalionyesha jambo hili vizuri. Maneno mtumwa, mtumishi na mtume yote yanahusiana na kitenzi kutuma. Mtumwa hutumwa bila kuulizwa. Mtume naye hutumwa, lakini amekubali. Kwa nje kazi zao zinaweza kufanana: wote wawili huamka mapema, huchoka na hutii. Tofauti iko ndani, katika hiari na upendo. Atiman alitoka katika utumwa akaingia katika utume, na njia ya kati ilikuwa ndefu.

Wanahistoria wa misheni wameonyesha kwamba si wote waliofika mwisho wa njia hiyo. Huko Bagamoyo, ambako Mapadri wa Roho Mtakatifu waliunda kijiji cha waliokombolewa kuanzia mwaka 1868, ratiba ya kazi, sala na ndoa ilipangwa kwa ukali, na baadhi ya wakazi waliondoka kwa sababu waliona wamebadilishiwa bwana tu. Vijiji vya ziwa Tanganyika navyo vilikuwa na amri nyingi, na mapadri waliviongoza karibu kama machifu. Nia njema haikuondoa kishawishi cha kumfanya aliyekombolewa awe mtoto wa kudumu, anayedaiwa shukrani kila siku.

Kwa Atiman mwenyewe, njia yake ilichaguliwa na wengine kwa muda mrefu. Walimu wake ndio walioamua asome tiba, na wakuu wake ndio waliomtuma Karema. Lakini kuna miaka ambayo hakuna aliyeweza kumshika. Alikuwa mtu mzima, mwenye mke, mwenye ujuzi uliotafutwa popote katika koloni. Serikali zilibadilika, Wajerumani wakaondoka na Waingereza wakaja, maaskofu wakafa na wengine wakaletwa. Yeye alibaki palepale akiendelea na kazi ileile. Kubaki huko, ambako kungeweza kuitwa utii tu katika mwaka wa kwanza, kulikuwa uamuzi wake baada ya miaka 20, 40 na 60. Hapo ndipo waumini wanapouona uhuru wake.

Mfano unaokaribiana naye ni ule wa Josefina Bakhita, mtakatifu kutoka Sudan, aliyezaliwa mnamo 1869. Naye alitekwa utotoni na kuuzwa mara kadhaa. Mwaka 1889, ule ambao Atiman alifika Karema, mamlaka za Italia zilitamka mjini Venezia kwamba Bakhita alikuwa mtu huru. Tendo lake la kwanza la uhuru lilikuwa kukataa kufuatana na bibi wake wa zamani na kuchagua kubaki kwa masista. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2000. Wote wawili hawakusema utumwa ulikuwa mwema kwa kuwa uliwafikisha kwenye imani. Uovu uliotendwa ulibaki uovu. Walichofanya ni kukataa uovu huo uwe neno la mwisho juu yao.

Miaka ya mwisho na heshima

Mwaka 1946 simulizi la maisha yake, lililotokana na kumbukumbu zake mwenyewe, lilichapishwa katika jarida Tanganyika Notes and Records. Ni ushuhuda wa thamani, kwa kuwa habari nyingi za utumwa wa Afrika ziliandikwa na watu ambao hawakuwahi kuwa watumwa.

Alipewa nishani za heshima kwa huduma yake ya muda mrefu. Hakurudi kuishi Tindirma. Alifariki Karema mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 90 hivi, miaka 5 kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Urithi

Vikarieti ya Karema ilifanywa jimbo mwaka 1953. Mwaka 1969 makao yake yalihamia Sumbawanga, na jimbo likachukua jina la mji huo. Mwaka 2000 likaundwa jimbo la Mpanda, ambalo sasa linahudumia Karema.

Mjini Sumbawanga hospitali ya Kanisa Katoliki inaitwa kwa jina lake, na jijini Dar es Salaam nyumba ya Wamisionari wa Afrika inaitwa Atiman House. Wagonjwa wanaotoka Chala, Namanyere, Kate na vijiji vingine vya Ufipa kwenda hospitali hiyo hutaja jina la Atiman kila siku, hata wasiojua kwamba mwenye jina alikuwa mtoto aliyeuzwa jangwani na ambaye, alipopata uhuru, aliutumia wote kando ya vitanda vya wagonjwa.